Mradi wa Hisabati na Kompyuta

Swali: Mhariri, nasoma chuo kikuu na ninataka mradi wangu binafsi uunganishe hisabati na uandishi wa programu. Nianzie wapi?

Jibu: Chukua dhana ya Collatz, isiyothibitishwa hadi leo, kwamba ukianza na namba nzima chanya yoyote utafika 1 kwa kurudia kanuni hii: namba shufwa igawe kwa 2, namba witiri izidishe kwa 3 kisha ongeza 1. Namba 27 huhitaji hatua 111 na hupanda hadi 9,232. Usijaribu kuithibitisha, maana mabingwa wamekwama hapo. Chunguza badala yake kwa nini namba nyingi zinazofuatana, kama 12 na 13, huwa na idadi sawa ya hatua, ukihifadhi matokeo yaliyokwisha kukokotolewa ili programu isirudie kazi. Maelezo yako yawe ya hoja za hisabati; grafu pekee, hata zikipendeza, hazitoshi.