Mbawakawa wa maembe: maswali yenu

Kuna mdudu anakula maembe yangu. Ni nani? (msomaji wa Katuba, Lubumbashi)

Ukubwa hukusema, rangi hukusema, wala saa anayokuja. Nakisia ni Pachnoda, mbawakawa anayekula matunda: sentimita 2 hadi 3, mgongo bapa, njano yenye mabaka ya kahawia. Mvizie akiruka mchana. Mabawa magumu ya juu hubaki yamefungwa, yale laini yanachomoza ubavuni. Akiyafungua yote, tafuta jina lingine.

Si ndiye Goliathus, yule mbawakawa jitu?

Hapana. Goliathus dume hufika sentimita 10.

Nimepasua embe nikakuta funza weupe. Watakuwa mbawakawa?

Nimechoka kulijibu hili. Funza asiye na miguu ndani ya embe ni mtoto wa nzi wa matunda. Mbawakawa huyu hatagi kwenye tunda, hutaga kwenye mbolea na majani yaliyooza.

Katika rundo la mbolea kwenye lupango (kiwanja cha nyumba) kuna mabuu manene yaliyojikunja. Nimwage dawa? (msomaji wa Kampemba, Lubumbashi)

Weka moja sakafuni kwanza, usubiri. La Pachnoda litalala chali na kutambaa kwa mgongo, miguu juu. Kichwa chake kidogo, miguu mifupi. Linakula vilivyooza, na mavi yake ya punje kavu ni mbolea nzuri. Lenye kichwa kikubwa na miguu mirefu, lisilotambaa chali, huenda ni la jamii inayotafuna mizizi ya mahindi. Hilo wape kuku.

Yai huanguliwa kwa wiki 2 hivi. Buu hupitia hatua 3 kwa miezi kadhaa, rundo likikauka au baridi ikizidi huchelewa. Kisha hujijengea kifuko kigumu cha udongo na mavi yake, hukaa humo mwezi au zaidi. Msikivunje mkitaka kuchungulia: pupa aliyemo, yaani buu linalogeuka mbawakawa, hufa. Mkitaka kuwapunguza, chekecheni rundo kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja.

Dawa gani nipulize maembe yakishaiva?

Hakuna. Embe la leo mtoto analila kesho, na vile vichupa vya sokoni visivyo na lebo hata muuzaji hajui kilichomo. Mara nyingi mbawakawa huingilia tundu lililotobolewa na ndege au popo. Chuma yakikomaa, uyaivishe ndani. Okota yaliyoanguka kila siku. Alfajiri, wakiwa wamezubaa kwa baridi, tandika shuka, tikisa matawi, watie kwenye maji ya sabuni. Mtego: bidoni (dumu) ya lita 5 iliyotobolewa ubavuni, ndani ndizi iliyochacha na bia kidogo. Uuweke mbali na mwembe, la sivyo unawaita hata wa jirani.