Jibu: Mtoto wa Kiaborijini tunayemlea, tumuunganishe vipi na watu wake?

Habari dada. Umesema mnamlea kijana wa Kiaborijini, yaani wa wenyeji asilia wa Australia, wa miaka 10 hapo Melbourne, hataki kuzungumzia kwao, na hamjui pa kuanzia.

Kabla ya yote, muombe afisa ustawi wa jamii mpango wa utamaduni wa kijana, ule wa maandishi unaoeleza ataunganishwaje na watu na mila zake. Hapa jimbo la Victoria sheria inautaka. Angalia kama umetaja watu wake hasa ni akina nani, maana Waaborijini wana makabila mengi, na Wurundjeri si Yorta Yorta. Ukikuta patupu, wapigie VACCA, shirika la Waaborijini wenyewe la malezi ya watoto, uulizie mtu wa kumshika mkono.

Ila tafuteni ndugu kwanza. Tuliyemlea sisi alifunguka kwa mjomba wake, uwanjani kwenye mpira. Kwenye sherehe za NAIDOC za Julai, zile za utamaduni wa Waaborijini, alikuwa anajificha nyuma yangu. Wako mpeleke mwenyewe kwa ndugu zake, kaa pembeni, na ukirudi nyumbani usimhoji.

Bibi yake akikupokea kwa ubaridi, usikasirike. Serikali iliwanyang'anya Waaborijini watoto wao kwa miongo mingi, na bunge la taifa likaomba radhi mwaka 2008 tu. Piga simu tena wiki inayofuata.