Yai limezama majini. Kwa hiyo?

SWALI: Hutengeneza mayonezi na krimu ya chokoleti nyumbani kwa mayai mabichi. Kila yai nalitia majini kwanza: likizama natumia, likielea natupa. Halafu nayaosha kwa siki. Sasa mke wa mwanangu ni mjamzito na ile krimu anaipenda mno. Kipimo cha maji kinatosha, au niyaloweke zaidi kwenye siki?

JIBU: Hakitoshi, mama. Na siki haisaidii hata ukiyalaza humo usiku kucha. Utaamkia maganda yaliyolainika tu.

Maji hupima umri wa yai. Ganda lina maelfu ya vitundu. Siku zikipita unyevu hutoka, hewa huingia, na kile kifuko cha hewa cha upande butu hukua mpaka yai linaelea. Basi. Linaloelea ni la siku nyingi, si lazima liwe limeoza. Lililozama laweza kuwa limetagwa jana na lina salmonela ndani. Bakteria hawa wanaweza kuingia yai likiwa bado tumboni mwa kuku, ganda halijaumbika, na kuku mwenyewe anaonekana mzima. Hawabadilishi harufu, rangi wala uzito. Wewe unasugua nje, wao wamo ndani.

Kibaya zaidi, yai likitumbukizwa kwenye maji baridi kulishinda, vya ndani husinyaa na uchafu wa juu ya ganda unaweza kufyonzwa kupitia vile vitundu.

Wanaosambaza "siri" hizi hunichosha kwa sababu hawashindwi kamwe. Mayai mengi hayana salmonela, kwa hiyo hata ukilipigia yai makofi matatu kabla ya kulipasua, utaapa kwamba makofi yanafanya kazi. Mara tone la limau, mara chumvi, mara friza. Friza huwasimamisha tu bakteria wasizaliane, yakiyeyuka, wanaendelea.

Kinachoua ni joto. Kwa krimu yako, koroga viini na sukari, na kwa kila kiini tia vijiko 2 vya mezani vya maziwa. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayofuka mvuke, lisiguse maji, ukoroge bila kuacha hadi nyuzi 71 za Selsiasi. Sukari na maziwa huchelewesha kuganda, ndiyo maana hutapata mabonge usipokuwa na haraka. Nunua kipimajoto, kukisia kwa macho ndiko kulikotufikisha hapa. Kisha ndipo utie chokoleti. Ute mbichi uuache kabisa, tumia krimu iliyopigwa. Viini vya mayonezi vipashe vivyo hivyo, ila kwa maji na siki badala ya maziwa; vikipoa ndipo uanze kudondosha mafuta.

Mkweo asile ile ya zamani iliyobaki kwenye friji. Na jambo hili halihusu wajawazito peke yao. Watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu huumizwa vibaya na salmonela, na wengi huipata kwenye vitu ambavyo hakuna anayeviita mayai mabichi: kiini kinachochuruzika kwenye yai la kukaanga, kastadi iliyotolewa motoni mapema, au bakuli la mchanganyiko wa keki analopewa mtoto alambe ili atulie. Bakuli hilo lina na unga mbichi, ambao nao hubeba bakteria wake.