Nanyonyesha, masaji itaharibu maziwa ya mtoto?

SWALI: Habari dokta, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, mtoto wangu ana miezi miwili na nusu na nilijifungua kwa opareshen. Likizo inakaribia kuisha, mabega na mgongo vinaniuma balaa. Wenzangu wa ofisini wamenilipia masaji ila mama mkwe amegoma kabisa, anasema masaji inashusha sumu kwenye maziwa, nikienda niyakamue niyamwage siku nzima mtoto apewe ya kopo. Ni kweli? Halafu kigimbi cha kushoto kinauma na kimevimba kidogo tangu turudi na basi toka Mwanza wiki iliyopita, nilitaka wakichue vizuri na chenyewe.

JIBU: Dada yangu hongera kwa mtoto na pole kwa maumivu. La maziwa nitakujibu vizuri tu, lakini naomba nianze na hiyo sentensi yako ya mwisho maana ndiyo imenishtua. Huo mguu usiuchue, wala mtu yeyote asiushike kuukanda, hata mama mkwe na maji yake ya moto. Leo hii nenda hospitali ukapimwe.

Nakwambia hivi kwa sababu ujauzito unaifanya damu iwe rahisi kuganda, ni mwili unajiandaa usipoteze damu nyingi siku ya kujifungua, na hali hiyo haiishi siku ile ile mtoto anapotoka. Wiki sita za kwanza ndiyo hatari iko juu zaidi, kisha inapungua taratibu mpaka kama wiki ya kumi na mbili, na wewe bado uko ndani ya hicho kipindi. Ongeza opareshen, ongeza kukaa kwenye siti kutwa nzima Mwanza mpaka Dodoma miguu imekunjwa, halafu mguu uliovimba ni mmoja. Miguu yote miwili ikivimba baada ya safari mara nyingi ni maji tu yanashuka, ila mmoja peke yake, unauma kwenye kigimbi, una joto au umebadilika rangi, hapo tunawaza donge la damu kwenye mshipa mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Mtu akilisugua donge likachomoka linaweza kupanda mpaka kwenye mapafu, na hilo linaua. Kwa hiyo ukiona unakosa pumzi ghafla, kifua kinachoma ukivuta hewa au unakohoa damu, usisubiri asubuhi, chukua bajaji au gari yoyote nenda emajensi.

Hospitali watakufanyia ultrasaundi ya mguu, haiumizi na haina shida kwa mtoto. Waambie unanyonyesha, na kama umeanza vidonge vya uzazi wa mpango vitaje pia maana vile vyenye homoni ya estrojeni vinaongeza kuganda kwa damu. Wakikuta donge usidhani ndiyo mwisho wa kunyonyesha, dawa za kuzuia damu kuganda, yaani sindano za heparini na vidonge vya warfarini, mama anatumia huku ananyonyesha. Inawezekana pia ukakutwa ni msuli tu umekaza, basi tutashukuru Mungu na masaji utaenda.

Sasa maziwa. Hapana, masaji haishushi sumu. Najua hili halijaanzia kwa mama mkwe wako, hata baadhi ya wanaofanya masaji wanalisema, eti umetolewa sumu kwenye misuli kwa hiyo kunywa maji lita kadhaa uisafishe. Kwenye misuli hakuna sumu iliyojificha inasubiri kukandwa. Taka za mwili zinashughulikiwa na ini na figo usiku na mchana, ukandwe usikandwe. Kwa hiyo usimwage hata tone, na usimpe ya kopo kwa sababu hiyo, siku nzima bila kunyonyesha itakuachia matiti yaliyojaa mpaka yanauma na maziwa yenyewe yanaweza kupungua. Mwambie mama kwa upole, anamwonea uchungu mjukuu wake.

Kinachoweza kumfikia mtoto kirahisi ni mafuta yaliyobaki kwenye ngozi yako. Mtoto analala kifuani, pua iko pale pale. Mafuta yenye mentoli, minti, mkaratusi au kafuri, pamoja na zile dawa za kuchua zinazowasha, usikubali, mtoto mdogo namna hiyo yanaweza kumbana pumzi. Beba mafuta yako mwenyewe, ya alizeti yasiyo na harufu yanatosha kabisa na huku kwetu Dodoma na Singida hayana shida kupatikana. Kifuani wasipake kitu.

Na matiti wasiyakande. Wengine wakisikia una uvimbe kwenye titi au maziwa yameganda wanataka wayaminye kwa nguvu mpaka yafunguke, hapo wanaumiza nyama za ndani, uvimbe unaongezeka. Titi likiuma nyonyesha kama kawaida, weka kitambaa cha baridi, ukilipapasa, papasa kwa wepesi kama unampaka mtoto losheni, na ukiwa na homa nenda hospitali.

Siku ya masaji yenyewe nyonyesha au kamua kabla hujaingia. Usilale kifudifudi, kwa matiti yale na mshono ule utateseka. Waombe ulale ubavu, mto mmoja katikati ya magoti, mwingine umeukumbatia, wakimaliza upande mmoja unageuka. Vaa sidiria isiyobana uweke kitambaa ndani, ukilegea maziwa yanaweza kuanza kutoka yenyewe, ni homoni ile ile inayoyatoa mtoto akilia, wala usione aibu. Tumbo na sehemu ya mshono waache. Kiunoni wasikubonyeze kwa nguvu wala kukuvuta viungo mpaka vilie, baada ya uzazi viungo vinachukua miezi kurudi kukaza. Na siku ukiwa na kichwa kinauma vibaya, macho yanaona maluweluwe au uso umevimba, masaji ahirisha ukapime presha, presha ya uzazi inaweza kutokea hata baada ya kujifungua.

Mwisho hayo mabega. Masaji itakupa nafuu ya siku mbili tatu halafu yatarudi kama unanyonyesha umekaa katikati ya kitanda, mgongo hauna pa kuegemea, umeinama kumfuata mtoto na mabega yamepanda mpaka masikioni. Egemea ukuta, weka mto mapajani, mtoto apande juu mpaka mdomo wake ufike kwenye chuchu, ndipo ushushe mabega. Usiku mnyonyeshe ukiwa umelala ubavu. Na ukirudi kazini, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe nafasi ya kunyonyesha isiyozidi masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi, ongea na bosi wako mapema mpange, kuliko kushinda kwenye kiti matiti yamejaa.

Ila mguu kwanza, leo. Ukishapimwa niandikie wamesema nini nikwambie kama masaji unaweza kwenda au tusubiri.