Kabla hujaandika tena "waliogopa sayansi"

Wadogo zangu wa semina, rasimu zenu za hofu ya kosmiki (zile hadithi za kutisha ambamo ulimwengu ni mkubwa mno na haumjali binadamu) nimezisoma na zote zinaimba wimbo mmoja, eti H. P. Lovecraft, yule mwandishi Mmarekani wa hadithi hizo, na wenzake waliichukia sayansi. Mnanichosha jamani, ila nawapenda, kaeni.

1. Lovecraft alikuwa mtu wa darubini. Tangu 1906, bado kijana wa shule, anaandika mambo ya nyota kwenye magazeti ya Rhode Island, Marekani, na Ladd Observatory, kituo cha kutazamia nyota pale Providence, alikuwa na ruhusa ya kuingia. Sasa chuki iko wapi hapo?

2. Hii ndo iliyonitoa jasho. Sura ya pili ya tasnifu yangu niliijaza "woga wa maendeleo" mpaka ikavimba, mfano wangu mkuu hadithi yake The Colour Out of Space ya 1927, msimamizi akanirudishia na swali moja tu pembeni: maprofesa wamekosea wapi? Nikarudi kwenye hadithi kulitafuta hilo kosa, hamna. Kimondo kimeanguka shambani kwa Nahum Gardner, wasomi wa chuo wamekuja wakamega kipande, wamekichoma, wamekitia asidi, wamekiangalia kwa spektroskopi (chombo cha kuchambua rangi za mwanga), rangi zake hazifanani na zozote zinazojulikana, halafu asubuhi kipande hakipo, bika, yaani chombo cha kioo kilichokiweka, haipo, limebaki doa la kuungua kwenye rafu ya mbao. Yaani kazi wamefanya sawasawa kabisa! Msomaji wa wakati ule ameshaona eksrei, ameshasikia radiamu, redio iko sebuleni, kwake kitu kikiingia maabara lazima kitoke na jina, ndo maana ile rafu tupu inamtisha kuliko mzimu wowote. Bila imani yake hiyo hadithi haina meno. Nilifuta karibu sura nzima, na nililia, sioni aibu kusema.

3. Angalieni hadithi hiyo ilichapwa wapi: Amazing Stories, jarida la Hugo Gernsback, shabiki namba moja wa mashine na kesho nzuri. Hapo si mahali pa kuitukana sayansi.

4. Tofautisheni mwaka wa kuandikwa na wa kuchapwa. Ugunduzi wa Pluto umetangazwa Machi 1930 Lovecraft yuko katikati ya kuandika hadithi yake The Whisperer in Darkness, akaipachika Pluto humohumo, mhariri akaitoa hadithi 1931.

Rasimu mpya Ijumaa. Na yule aliyeandika kwamba Cthulhu, lile jitu la kutoka angani kwenye hadithi za Lovecraft, ni shetani wa kwenye Biblia aje mapema, tuna kikao kirefu.