Huku hakuna anayekupandisha daraja

Wadogo zangu wauguzi mlioko Dodoma, mmeniuliza kama ni kweli huku Uingereza mtu akichapa kazi anapanda haraka, na kama naweza kuwatafutia njia. Nawajibu bila kuficha, maana nawatakia mema.

Bidii peke yake haimpandishi mtu. Muuguzi mgeni kwa kawaida anaanzia bendi ya 5, yaani daraja la mshahara la NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, hata kama huko alikuwa in-chaji wa wodi na wanafunzi wa UDOM walijifunzia kazi kwake. Mshahara unaongezeka kidogo ndani ya bendi, kisha unagota. Kwenda bendi ya 6, hakuna orodha ya waliofikisha muda. Nafasi inatangazwa, unaiomba, unasailiwa, hata kama ni kwenye wodi ambayo unakijua kila kitanda. Nawafahamu wenzetu hodari waliokaa hapo miaka wakingoja kuonekana. Msimamizi anawaona na anawashukuru, ila hawezi kumpa nafasi mtu ambaye hakuiomba.

Kwenye usaili watakwambia: tueleze siku uliyogundua hali ya mgonjwa inabadilika. Sisi tuliofundishwa kutojisifu tunajibu kwamba tulisaidiana, mgonjwa akapona. Wao wanataka kusikia kazi ya mikono yako: uliona anapumua mara 28 kwa dakika, ukampima oksijeni, ukamwita daktari, hukuondoka pale mpaka alipofika. Kusema hivyo si majivuno, ni kutoa ushahidi.

Ushahidi huo unaandaliwa mapema. NMC, baraza la wauguzi la huku, linataka uhuishe usajili kila baada ya miaka 3, ukiwa na saa 450 za kazi, saa 35 za mafunzo endelevu na maandishi 5 ya tafakari. Wapo wanaoyaandika wiki ya mwisho ili mradi yapatikane. Mimi huandika nikitoka zamu, kabla sijalala: bibi fulani alikataa kula, nikamulika mdomo nikakuta vidonda chini ya meno ya bandia, tangu hapo nakagua mdomo kabla ya kuandika kwamba mgonjwa hana hamu ya chakula. Nusu ukurasa tu. Bendi ya 6 niliipata kwa maandishi kama hayo.

Kuhusu njia: Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, kwa hiyo mwajiri au wakala wa Uingereza haruhusiwi kuja kuwasaka huko. Mtu anaomba mwenyewe, anafanya mtihani wa Kiingereza, wa kompyuta, kisha wa vitendo wenye vituo 10. Akitokea mtu Area C au Nkuhungu anakusanya hela za "nafasi za wauguzi", msimpe. Na viza ya kazi za kutunza wazee imefungwa kwa waombaji wapya walio nje tangu Julai 2025.

Hata usipoondoka, usikae kungoja barua ya kupandishwa. Chagua eneo moja, iwe watoto njiti, ICU au usafishaji figo, uombe kupangiwa huko, na uandike unachofanya.

Anayetaka nimsaidie aniandikie mambo matatu aliyoyafanya mwezi huu kwa mikono yake, na eneo analotaka kubobea. Jumapili nikiwa sina zamu tutafanya usaili wa majaribio kwa simu.