Muulize Mtu wa Maabara: Kirusi ni Kitu Gani Hasa?

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza juu ya virusi. Ninazijibu kutoka Entebbe, ninakofanya kazi ya maabara.

Shikamoo mama. Mtoto wangu alishikwa na mafua na kikohozi, nikamnunulia amoksilini dukani. Siku ya tano akapona. Muuguzi anasema dawa ile haikufanya kitu. Iweje, na mtoto amepona? (Mama wa watoto watatu, Busia)

Marahaba, mwanangu. Muuguzi amekwambia kweli. Mafua huletwa na virusi, na amoksilini ni dawa ya bakteria. Bakteria ni kiumbe kamili: ana ukuta wake, anakula, anajigawa mwenyewe. Amoksilini humzuia kujenga ukuta huo, akapasuka. Kirusi hakina ukuta wa kubomoa. Ni maelekezo ya kinasaba tu, yamefungwa ndani ya ganda la protini. Kifananishe na karatasi ya mapishi isiyo na jiko wala mpishi: ikiingia jikoni kwa wenyewe, mpishi wao anaisoma na kuanza kupika kilichoandikwa, chakula cha nyumba kikasahaulika. Jiko hilo ni seli ya mwili. Seli ya pua ikishaingiliwa hutengeneza virusi vipya kwa wingi, navyo vikahamia seli za jirani.

Aliyemponya mwanao ni kinga ya mwili wake. Hata homa ile na makamasi yale, sehemu kubwa ilikuwa kinga ikipigana.

Kumeza antibayotiki kwa mafua kunaniuma, kwa sababu matokeo yake nayaona kazini. Tunaotesha bakteria wa kidonda au mkojo kwenye sahani, tunaweka juu yake vidonge vya karatasi vyenye dawa mbalimbali, tunaviacha hadi kesho yake. Dawa inayofaa huzungukwa na duara safi pasipoota kitu. Siku hizi nakuta bakteria wameota mpaka kwenye ukingo wa kidonge. Dawa ikitumiwa ovyo huwamaliza wanyonge na kuwaachia uwanja walio sugu. Lakini mtoto akihema haraka, au mbavu zikibonyea akivuta pumzi, mkimbize kituo cha afya. Hiyo huenda ni nimonia, na hapo antibayotiki inaweza kuhitajika kweli.

Naendesha teksi ya Kampala na Entebbe. Tukipita Zika kuna abiria wanaofunga madirisha. Ni kweli ugonjwa ulizaliwa pale? (Dereva, Kajjansi)

Waambie wafungue, wapate hewa. Kirusi cha Zika hakipeperuki kama vumbi. Huenezwa hasa na mbu, na pia kwa kujamiiana, au kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni.

Mwaka 1936 ilianzishwa Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano, ambayo leo ni Uganda Virus Research Institute. Watafiti wake waliweka tumbili ndani ya vizimba juu ya miti ya msitu wa Zika, ili mbu wawaume. Aprili 1947 tumbili namba 766 akapandwa na homa. Wakachukua majimaji ya damu yake, wakawadunga panya, panya wakaugua. Homa ya manjano ndiyo waliyokuwa wakiitafuta, lakini wakakuta kirusi kisichojulikana. Januari 1948 wakakipata tena, safari hii ndani ya mbu wa msitu uleule.

Kwa hiyo pale ndipo kilipotambuliwa, kwa kuwa palikuwa na watu wanaotafuta. Kilikaa duniani muda gani kabla ya hapo ni habari nyingine. Vivyo hivyo eneo la West Nile, hapa Uganda, jina lake lilipewa kirusi kilichopatikana huko mwaka 1937, na la Bundibugyo mwaka 2007, ilipopatikana huko aina mpya ya Ebola. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliomba magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali. Naliunga mkono kabisa, kwa ajili ya watu wanaoishi mahali hapo.

Nameza ARV kila siku, na kipimo kinasema virusi havionekani. Kwa nini nisiache? (Msomaji, Bombo)

Usiache, ndugu yangu. VVU hupachika maelekezo yake ndani ya vinasaba vya seli zako za kinga, na baadhi ya seli hizo hulala kwa miaka. Dawa huzuia virusi kuzaliana, haiwezi kuchomoa kilichokwisha pachikwa. Ukiacha, mara nyingi virusi hurudi ndani ya wiki chache. Ukiendelea na virusi vikabaki havionekani, humwambukizi mwenzi wako kwa kujamiiana.

Sabuni inaua virusi vyote? (Mwanafunzi, Jinja)

Ebola na korona vina utando wa mafuta, na sabuni huuchana. Polio na rota havina utando huo, lakini kusugua na kusuuza huviondoa mikononi. Sugua vizuri.

Mbwa wa jirani kamng'ata kijana wangu mguuni, kidogo tu. Nisubiri nione kama mbwa ataugua? (Baba, Arua)

Usisubiri hata siku moja. Kirusi cha kichaa cha mbwa hutambaa kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, kwa kawaida kwa wiki au miezi, na muda huo ndio nafasi yenu. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke leo hii akachanjwe. Mbwa afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, huku kijana akiendelea na sindano zake.